Kabla ya uzinduzi: huduma mpya na mambo ambayo watu huyapitia pamoja

Swali: Mimi ni mwinjilisti katika mtaa mmoja wa Kilutheri pembezoni mwa jiji la Dodoma. Mchungaji amenikabidhi kazi ya kuanzisha huduma ya vijana walioajiriwa, ambao wengi wamehamia hapa kikazi. Kamati imeandaa bajeti ya uzinduzi yenye mahema, vyombo vya muziki, fulana, pilau na mgeni rasmi. Nina wasiwasi kwamba watu watakuja siku hiyo, watakula, watapiga picha, na hatutawaona tena. Tufanye nini ili tuwe na mambo tunayoyapitia pamoja, yatakayotuunganisha kweli katika Kristo?

Jibu: Dada yangu mpendwa, Bwana Yesu asifiwe. Wasiwasi wako una msingi, na ningependa uufikishe kwenye kamati kabla fedha hazijaanza kutumika. Sina ugomvi na pilau wala na vyombo vya muziki. Shida ya uzinduzi wa namna mliyoipanga ni kwamba tangu saa ya kwanza unawagawa watu katika makundi mawili, wachache wanaohudumu na wengi wanaohudumiwa. Ukichunguza shughuli za namna hii utaona kwamba wanaotoka pale wakiwa wameshikamana ni wanakamati wenyewe, kwa sababu ndio waliobeba viti usiku, wakahangaika pamoja umeme ulipokatika, wakaombeana mvua ilipotishia, na baada ya watu kuondoka wakabaki wakila ukoko na kucheka yaliyotokea. Waliokaa chini ya hema waliona shughuli nzuri, wakaenda nyumbani. Kazi yako basi ni kutafuta njia ya kuwaweka watu wengi kadiri iwezekanavyo katika nafasi ile ya wanakamati, yaani mahali ambapo jambo haliwezi kufanyika bila wao.

Nianze na hali ya vijana hao, maana ndiyo inayoamua mengine yote. Tangu Serikali ilipohamia Dodoma na wizara kujengwa Mtumba, jiji limepokea watumishi wengi ambao makazi yao yapo hapa lakini maisha yao ya kiroho yamebaki walikotoka. Kijana anafanya kazi Mtumba siku tano, na Ijumaa jioni, hasa tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma mwaka 2024, anarudi Dar es Salaam alikoacha mchumba, kwaya na bahasha yake ya ahadi. Mtu wa namna hiyo hana upungufu wa mahubiri mazuri, kwa kuwa anayo tele kwenye simu. Anachokosa ni watu wa Dodoma watakaogundua kwamba hajaonekana. Kwa sababu hiyo ninakushauri huduma yenu isikutane Jumamosi wala Jumapili alasiri, hata kama ratiba ya mtaa ina nafasi siku hizo. Chagueni jioni moja ya katikati ya wiki, Jumanne au Jumatano, wakati ambapo karibu wote wapo mjini na upweke wa chumba cha kupanga ni mkubwa kuliko siku nyingine.

Kuhusu namna ya kuanza, historia ya Kanisa inatupa mfano mmoja ambao naupenda kwa sababu haukupangwa kuwa wa kiroho hata kidogo. Mwaka 1742, huko Bristol, Uingereza, watu waliomfuata John Wesley, mhubiri aliyeanzisha Umethodisti, walikuwa na deni la nyumba yao ya kukutania. Katika kikao cha kulizungumzia, nahodha mmoja mstaafu alipendekeza kila mwanachama atoe peni moja kwa wiki. Alipoambiwa kwamba wengi ni maskini na hawataweza, alijibu kwamba watu kumi na mmoja walio maskini kupita wote wawekwe chini yake. Angewatembelea kila wiki, na asiyeweza kutoa angemtolea yeye. Wengine wakakubali kufanya vivyo hivyo. Wakusanyaji walipoanza kupita nyumba kwa nyumba, wakakuta yale ambayo ibada haiyaonyeshi: magonjwa, ugomvi wa ndoa, ulevi, imani iliyopoa. Wesley akatambua kwamba deni lilikuwa limempa chombo cha uchungaji alichokuwa akikitafuta. Baadaye vikundi hivyo vikaanza kukutana pamoja badala ya kutembelewa mmoja mmoja, na vikawa uti wa mgongo wa Umethodisti kwa vizazi vingi. Ninachotaka ukione ni mpangilio wa mambo. Watu walianza na kazi ndogo ya lazima, yenye kurudiwa kila wiki, iliyowapeleka kwenye milango ya wenzao, na ushirika wa rohoni ukaota humo.

Kwa hiyo, badala ya uzinduzi mwezi ujao, tafuta watu wanane hadi kumi na wawili na mkutane kwa miezi mitatu au minne bila tangazo lolote kanisani zaidi ya baraka ya mchungaji na taarifa kwa baraza la wazee. Usichague wanaoimba vizuri au wenye magari peke yao. Hakikisha wamo wanaume na wanawake, mwenye ajira ya kudumu na mwenye mkataba wa muda, aliyezaliwa Dodoma na aliyefika juzi. Kutaneni katika nyumba zao kwa zamu, si katika ukumbi wa kanisa. Najua wengi wana chumba na sebule tu, na wapo watakaoona aibu kwa kuwa hawana makochi ya kutosha, lakini aibu hiyo ikishavukwa mara moja, watu wakaketi kwenye mkeka na kunywa chai katika vikombe visivyofanana, hupatikana aina ya ukaribu ambayo viti vya plastiki vya ukumbini havijawahi kuileta. Ndugu zetu Wakatoliki wana uzoefu mrefu katika jambo hili. Maaskofu wa AMECEA, shirikisho lao la Afrika Mashariki, waliamua katika miaka ya 1970 kwamba jumuiya ndogondogo za Kikristo ziwe msingi wa maisha ya Kanisa, na nusu karne baadaye bado jumuiya hizo ndizo zinazojua nani anaumwa na nani amefiwa. Mlutheri hapotezi chochote kwa kujifunza kwao.

Mnapokutana, someni Biblia kwa namna inayompa kila mtu kauli. Njia iliyoenezwa na Taasisi ya Lumko ya Afrika Kusini, yenye hatua saba, inafaa sana kwa kikundi kisicho na mwalimu: mnamkaribisha Bwana kwa sala, mnasoma fungu, kila mtu anarudia kwa sauti neno au sentensi iliyomgusa, mnakaa kimya, mnashirikishana, mnajadili kazi ambayo kikundi kinaitwa kuifanya, kisha mnaomba. Angalia sana hatua ile ya sita, kwa sababu ndiyo inayorukwa mara nyingi. Watu wakishasimuliana yaliyowagusa huona wamemaliza, nao hutawanyika wakiwa na hisia njema lakini hawana jambo la kufanya kesho. Kikundi kinachojiuliza kila wiki ni nani atakwenda wapi na kufanya nini, na wiki inayofuata kikaanza kwa kutoa taarifa ya yaliyofanyika, hujikuta kina historia yake baada ya muda mfupi.

Sasa nizungumzie chakula, ambacho nadhani ndicho kipengele kilichoharibiwa zaidi na mazoea yetu ya kukodi wapishi. Ukimlipa mpishi, unapata pilau. Mkipika wenyewe, mnapata pilau na saa tatu za mazungumzo. Mwangalie kijana mwenye cheo cha uhasibu akipewa ungo wa mchele auchambue. Dakika kumi za kwanza anautazama kama mtu aliyepewa lugha ngeni. Dada aliye karibu naye anamwonyesha namna ya kuupepeta ili chuya zije mbele, anacheka, anamwuliza kwani kwao alilelewa na nani, naye, macho yakiwa kwenye mchele, anaeleza kwamba alilelewa na baba peke yake baada ya mama kufariki. Jambo hilo asingelisema katika duara la kushirikishana hata angeombwa mara ngapi, kwa sababu pale watu wote wangekuwa wanamtazama usoni. Mikono ikiwa na kazi, ulimi hulegea. Ndiyo maana napendekeza kwamba mlo wenu wa pamoja, walau mara moja kwa mwezi, uanze sokoni na uishie kwenye kuosha masufuria, na kazi zigawanywe bila kuangalia nani ni mwanamke na nani ni mwanamume. Usipolisimamia hilo tangu siku ya kwanza, dada zetu watajikuta jikoni na kaka zetu sebuleni wakijadili mpira, na huduma itakuwa imerudia mgawanyiko uleule niliousema mwanzoni.

Mtume Paulo aliwakemea Wakorintho, katika sura ya 11 ya waraka wa kwanza, kwa sababu mlo wao wa Bwana ulikuwa umegeuka kuwa mahali ambapo mmoja analewa na mwingine ana njaa. Ni onyo kwetu kwamba jambo la pamoja linaweza kuwatenga watu kwa nguvu kuliko kutokuwa na jambo lolote, na katika vikundi vyetu vya leo mlango mkuu wa kutengana huko ni michango. Umewahi kuona orodha inayorushwa kwenye kundi la WhatsApp, yenye majina, kiasi alichotoa kila mtu na alama ya vema kwa waliokamilisha? Mwenye mshahara wa wizara anatoa elfu hamsini mara moja, jina lake linapanda juu. Anayejitolea shuleni bila ajira anabaki chini bila alama, kila siku orodha ikirudiwa, mpaka anaacha kufungua ujumbe, kisha anaacha kuja. Hakuna aliyemfukuza. Ninakusihi uamue mapema kwamba huduma yenu haitachapisha majina ya wachangiaji popote. Wekeni bahasha au kasha, mtunza hazina atoe jumla ya kilichopatikana na kilichotumika, na shughuli zipangwe kwa kiwango ambacho mwenye kipato cha chini kuliko wote anaweza kukimudu bila kukopa. Mkitamani kwenda Kondoa kuona michoro ya mapangoni ya Kolo, na hiyo ni safari nzuri, fedha zisipotosha kwa wote basi subirini zitoshe kwa wote.

Pamoja na kusoma na kula, kikundi kinahitaji kazi inayowalenga watu wasio wanachama wake. Hapa ushauri wangu ni kuchagua kidogo na kurudi mara nyingi. Vikundi vipya hupenda kutembelea kituo cha watoto yatima siku moja na sabuni na sukari, kupiga picha na kuzirusha kabla gari halijafika nyumbani; ziara hiyo haiwaunganishi waliokwenda, na mara nyingine huwadhalilisha waliotembelewa. Ni afadhali mchague bibi mmoja wa mtaa wenu anayelea wajukuu, mwende kwake kila baada ya wiki mbili, wanne wanne kwa zamu, mchote maji, mzibe paa la jiko kabla ya masika, mkae naye na kumsikiliza. Baada ya muda atawajua kwa majina, atawagombeza mkichelewa, atawaombea kwa Kigogo, na wajukuu wataulizia yule aliyekosekana. Hapo mtakuwa na jambo la pamoja ambalo hamkulitengeneza ninyi peke yenu. Simu na zibaki mfukoni.

Nafikia sasa mikesha, mifungo na makambi, kwa kuwa nina hakika mmoja wa wanakamati atasema kwamba moto wa Roho haushuki kwenye ungo wa mchele. Ana hoja. Uamsho wa Afrika Mashariki, ambao makanisa yetu mengi bado yanaishi kwa joto lake, ulikuwa na nyakati za kutikisa. Watu husimulia jinsi Simeoni Nsibambi, Mganda, na daktari Mwingereza Joe Church walivyokutana katika kilima cha Namirembe mwaka 1929 na kuomba pamoja, na jinsi mkutano wa Gahini, Rwanda, mwishoni mwa mwaka 1933 ulivyogeuka kuwa wakati wa watu kuungama hadharani kwa machozi. Lakini uamsho huo haukudumu kwa sababu ya mikutano mikubwa peke yake. Uliishi katika vikundi vidogo vya kila wiki, ambamo mtu alikiri makosa yake kwa jina, akarudisha kilichoibwa, akaomba radhi kwa aliyemkosea, na wenzake wakamwimbia Tukutendereza, wimbo wa Kiganda wa kumsifu Yesu. Katika vikundi hivyo Mwafrika na mmisionari wa Kizungu waliungamiana, jambo ambalo utawala wa kikoloni haukulitarajia. Na wakati wa Mau Mau nchini Kenya, wapo waliokataa kula kiapo cha msituni na pia kushika silaha za serikali, wakauawa kwa sababu hiyo, na hao walikuwa wamezoea kwa miaka mingi kusimama pamoja.

Kwa hiyo fanyeni mkesha, lakini uwe mmoja katika kipindi hiki cha mwanzo, tena uwekewe mipaka. Jambo likisemwa katika toba au ushuhuda halitoki nje ya kikundi, na hilo lisemwe wazi kabla ya kuanza, si baada ya siri kuvuja. Asiombwe mtu kutoa ushuhuda papo hapo. Wanaotaka kusema wakuone mapema, na wewe au mchungaji mwasikilize kwanza, kwa sababu yapo mambo, kama vile kutendewa ukatili nyumbani au kushambuliwa na mawazo ya kujiua, yanayohitaji msaada wa faragha na wa kitaalamu kabla hayajafikishwa mbele ya watu kumi. Ahadi za fedha na maamuzi makubwa ya maisha visichukuliwe saa tisa za usiku, wakati watu wamechoka na wamefunga. Mtu aliyeahidi usiku apewe nafasi ya kutafakari baada ya kulala na kula. Mpango wa usafiri wa dada zetu uwe umekamilika kabla ya giza, na asiwepo kiongozi anayebaki peke yake na mtu mmoja katika chumba kilichofungwa. Mipaka hii haimzimishi Roho.

Baada ya miezi hiyo kikundi kitakuwa na hadithi zake, na hapo ndipo hatari nyingine huanza, ambayo kwa maoni yangu imeua huduma nyingi kuliko ukata. Waanzilishi hujipenda. Hucheka kwa mizaha ambayo mgeni haielewi, hukumbushana safari ambayo mgeni hakuwepo, na bila kukusudia humwambia kwamba mambo mazuri yalishapita. Waswahili walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na katika huduma ya kanisa mimi ningempa jembe siku ya kwanza: ashike kapu la vikombe, asome fungu, aende sokoni na mmoja wenu. Kisha wekeni tendo moja la kila mwaka linaloweza kufanywa upya na yeyote, ili kumbukumbu isiwe mali ya waliotangulia. Katika kitabu cha Yoshua, sura ya 4, Waisraeli waliweka mawe kumi na mawili kutoka mto Yordani ili watoto watakapouliza maana yake waelezwe. Mawe yaliwekwa kwa ajili ya wale ambao hawakuvuka. Kwenu inaweza kuwa kukarabati tena nyumba ya yule bibi kabla ya masika, au kuandaa chakula cha sikukuu ya mavuno kwa mtaa mzima, huku wapya wakiongoza na wa zamani wakiosha masufuria.

Kuhusu uhusiano na usharika nitasema kwa ufupi, kwa kuwa tayari una baraka ya mchungaji. Huduma isiwe kanisa ndani ya kanisa. Sakramenti zibaki ibadani, fedha zipite katika utaratibu wa usharika, na kila mwanachama anayebaki Dodoma Jumapili aonekane mtaani kwenu na si katika kikundi chenu tu.

Utajuaje kama mmefanikiwa? Mahudhurio hayatakuambia mengi. Sisi tuna kipimo cha zamani, nacho ni msiba. Siku mwanachama atakapofiwa na mzazi huko Njombe au Bukoba, tazama nani amepata taarifa kwanza, nani ameomba ruhusa kazini, nani amekaa naye usiku ule kabla ya safari, na nani amemtembelea wiki tatu baada ya mazishi, wakati watu wengine wameshasahau. Kama majina hayo yanatoka katika kikundi chenu, basi mnao ushirika, hata mkiwa tisa.

Sasa nenda kwenye kamati na pendekezo la aina hii. Uzinduzi usogezwe hadi mwezi wa tano au wa sita tangu kikundi kianze kukutana, ufanyike ndani ya ibada ya kawaida ya Jumapili, mchungaji akiwaombea na kuwatuma wale walioanza, na mmoja wao akieleza kwa dakika tano yale waliyoyafanya. Bajeti ya mahema, muziki na mgeni rasmi iondolewe. Zinunuliwe sufuria mbili kubwa, jiko la mkaa, mikeka minne, na Biblia chache kwa wasio nazo, na kinachobaki kiwekwe kwa ajili ya nauli za misiba na matibabu. Fulana zingojee, mjumbe aliyezipendekeza apewe kazi ya kununua hizo sufuria, na aende sokoni na vijana watatu ambao hajawahi kuzungumza nao.